Kiganja cha Dada

Kelele zile alizisikia akiwa bado nje ya geti, begi la zana begani, funguo hazijatoka mfukoni. Pii. Kimya. Pii. Kimya. Mtu mwingine angedhani ni ndege, au simu iliyosahauliwa dirishani. Yeye alijua. King'ora kile kidogo alikifunga kwa mikono yake mwenyewe, na damu ikamchemka papo hapo, kabla hata hajakanyaga uani.

Mtaani walimwita Waya, na waliompa jina hilo hawakukosea. Alikuwa fundi lifti, kweli, lakini jina halikutoka kazini, lilitoka kwenye tabia. Ukimgusa vibaya, anakupiga shoti. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja na hajaoa, na wenye ndimi kali walisema hakuna mwanamke aliyepata glavu za kumshikia. Sasa alikuwa ametoka mji mwingine, wiki tatu nzima ndani ya shimo la lifti, akilala kwenye chumba chenye kunguni. Alichokuwa akikitamani ni kuoga na kulala. Badala yake, pii.

Jirani yake, Mama Pacha, alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta. Akamkaribisha vizuri, akamuuliza habari za safari, kisha akashusha sauti kama mtu anayetoa pole ya msiba. Alisema ile mita ya umeme imelia tangu wiki ile aliyoondoka, usiku na mchana, na yeye aliona aibu kumwambia dada yake Waya kwamba umeme unakaribia kuisha, asije akaonekana anachungulia shida za watu. Hata alikuwa ameanza kuwazuia pacha wake wasipite karibu na dirisha, wasije wakauliza maswali. Kwa hiyo alinyamaza. Aliwasitiri.

Alisema hivyo kwa wema wote. Na Waya akamjibu kwa ubaya wote. Alimwambia kwamba hiyo si mita, ni kompyuta inakufa, na kwamba kama angejua kuna watu duniani wanaositiri hata moto unaowaka, angehama mtaa huu zamani. Mama Pacha akabaki na shati la mtoto mkononi. Alikuwa na haki ya kuudhika, na aliudhika.

Sasa nikwambie kilichokuwa ndani ya kompyuta hiyo, maana bila kukijua utamwona Waya ni kichaa tu.

Dada yake alizaliwa kiziwi. Alimzidi Waya miaka saba, na alifundisha watoto viziwi tangu ujana wake hadi alipostaafu. Miaka sita iliyopita alianza kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kukusanya lugha ya alama ya viziwi wazee wa mji huo, wale ambao hawakupelekwa shule yoyote na walijitungia alama zao wenyewe sokoni na kazini. Aliwaita mmoja mmoja, akawakalisha mbele ya kamera, akawarekodi. Kila alama ilikuwa na video yake na namba yake, na kwenye daftari kubwa jeusi aliandika namba na maana. Daftari lilisema alama ina maana gani. Mkono unakwendaje, hilo lilikuwa kwenye video peke yake. Jumatatu inayokuja shule ya viziwi ilikuwa ije kuchukua video zote, ianze kuzifundisha muhula mpya.

Na roho ya kazi yote ilikuwa mzee mmoja fundi viatu, aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake wote. Alama mia tatu na kumi na mbili za huyo mzee hazikuwa zinajulikana na mtu mwingine mjini ila dada, aliyejifunza baadhi kwa kumtazama. Fundi viatu alifariki mwaka jana. Kwa hiyo mikono yake ilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya sanduku lililokuwa chini ya meza ya chumba cha nyuma.

Sanduku hilo lilikuwa fahari ya Waya. Alilijenga mwenyewe: diski nne zilizounganishwa zikafanya kazi kama moja, kwa mpango kwamba moja ikifa, tatu zilizobaki zinabeba mzigo wake na hakipotei kitu. Zikifa mbili, basi, kwisha habari. Aliyaeleza hayo kwa kila mgeni aliyekanyaga nyumba ile, mpaka wageni wakawa wanaaga mapema. Dada alipomwomba nakala nyingine ikawekwe shuleni, alikataa. Nakala ya nini, na diski ni nne? Ujumbe wa onyo uliokuwa unatokea kwenye skrini aliuzima kwa sababu uliwahi kuingia katikati ya kurekodi. Akafunga king'ora. Siku ya kukijaribu, dada alimuuliza kwa mikono: "Na mimi nitajuaje?"

Waya akacheka. "Mimi si nipo?"

Haya. Akaingia chumba cha nyuma akiwa amefura. Dada alikuwa amekaa mezani, mgongo mlangoni, anapanga video zake kwa utulivu, na chini ya magoti yake sanduku linapiga kelele kama limeona nyoka. Waya akazima taa na kuiwasha mara mbili, ndivyo wanavyobisha hodi katika nyumba hiyo. Dada akageuka, uso ukachanua, mikono ikaanza kumkaribisha. Waya hakungoja. Alimrushia maneno kwa mikono ovyoovyo, vidole havimalizi, jinsi mtu mwenye hasira anavyomeza silabi. Diski imekufa. Wiki tatu. Wiki tatu umekaa juu yake, na hakuna hata mmoja katika nyumba hii, katika mtaa huu, aliyenipa habari.

Uso wa dada ukabadilika. Akainua mikono kujibu. Na hapo Waya akafanya jambo ambalo walilelewa wasilifanye kamwe, jambo ambalo mama yao aliwahi kumchapia akiwa na miaka mitano. Aligeuza uso. Kwa anayesikia, ukimgeuzia uso bado maneno yake yanakufikia. Kwa kiziwi, ni kumziba mdomo kwa kiganja. Akamwacha na mikono hewani, akapiga magoti chini ya meza.

Akakizima king'ora kwanza. Kisha akafungua ubavu wa sanduku, akavuta kibodi, akasoma. Diski ya tatu: haipo, imekufa. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa hai. Akashusha pumzi, lakini hasira haikushuka, ilitafuta njia nyingine ya kutokea. Akampigia simu muuza vifaa aliyemuuzia diski hizo. Alimwita mwizi, akamwita muuza makaburi. Muuza vifaa alikuwa mtu mpole, na upole wake ulizidi kumkata Waya maini. Alimkumbusha kwamba siku ile alimshauri asinunue zote nne katoni moja, maana diski ndugu huugua pamoja, na kwamba Waya alimjibu akae na ushauri wake. Waya akakata simu. Watu wote siku hiyo walikuwa wanamkumbusha mambo.

Kabatini alikuwa na diski mpya, bado iko kwenye plastiki. Akaichomoa ile mfu, akaiingiza mpya. Mashine ikaitambua, ikaanza yenyewe kujijenga upya: inazisoma zile tatu zote, mwanzo hadi mwisho, inakokotoa kilichokuwa kwenye ile iliyokufa na kukiandika kwenye mpya. Skrini ikasema kazi hiyo itachukua muda wa saa kumi na moja. Waya akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali, akajiambia mambo yamekwisha. Angeoga sasa.

Dada alikuwa amechuchumaa. Kiganja chake cha kulia alikuwa amekilaza juu ya sanduku, amefumba macho. Akayafumbua, akamshika Waya mguu wa suruali, akavuta. Waya akautikisa mguu. Akavuta tena, kwa nguvu safari hii, mpaka mshono ukalia, akamshika mkono na kuubandika palepale kiganja chake kilipokuwa.

Waya hakuhisi kitu. Feni inazunguka, basi. Alitikisa kichwa, akataka kuuondoa mkono, dada akaukandamiza. Akausogeza mpaka juu ya diski ya kwanza kabisa, akaanza kumgonga begani kwa kidole: gonga, gonga, kimya, gonga. Waya akataka kupandisha hasira tena. Kisha akaihisi chini ya kiganja, ndogo, mbali, inakwenda sawasawa na kidole kilichokuwa begani mwake. Gonga, gonga, kimya, gonga. Miaka thelathini amesikiliza mashine kwa masikio, na hili masikio hayakulipata.

Akarudi kwenye kibodi haraka, akafungua ripoti ya afya ya diski ya kwanza. Sehemu mbovu, tisa. Akahesabu mpaka sitini, akaifungua tena. Thelathini na moja. Akaifungua tena. Mia na kumi na mbili. Lo! Diski ya kwanza ilikuwa mgonjwa mahututi, na yeye ndiye aliyemwamuru mgonjwa huyo apande mlima kwa saa kumi na moja. Akasimamisha ujenzi mara moja. Ikifa hiyo, zimekuwa mbili, na hakuna wa kukokotoa chochote.

Ikabaki njia moja: kunyonya kinachowezekana, kwa upole, kabla haijakata roho. Akaunganisha diski ya nje, akaleta feni ya mezani akaielekeza kwenye tumbo la sanduku. Kisha ikambidi amtazame dada usoni, maana swali lililofuata hakuwa na haki ya kulijibu yeye. Tuanze na nini?

Mle ndani mlikuwa na miaka sita ya dada. Mlikuwa na wazee kumi na wanane, video elfu na zaidi, na saa nyingi za yeye mwenyewe akieleza sarufi ya lugha yake, kazi ambayo angeweza kuiita kitabu chake. Hakufikiri hata kidogo. Aligonga ngumi juu ya goti mara mbili, kama mtu anayepigilia soli. Lilikuwa jina la fundi viatu.

"Na zako?" Waya akauliza.

"Mimi ni mzima. Wale wengine ni wazima. Watakuja tena. Yeye hawezi kuja."

Wakaanza Jumamosi hiyo saa tano asubuhi. Video moja, mbili, kumi. Dada alikaa sakafuni kiganja kikiwa juu ya sanduku, na hapo mambo yakageuka: fundi akawa yeye. Mgongo wa diski ulipoanza kutetemeka vibaya, aliinua mkono wa kushoto, na Waya akasimamisha. Walingoja ipoe. Mkono ukishuka, Waya anaendelea. Kabla ya saa saba Waya alijaribu mara moja kupuuza mkono huo, kwa kuwa video ilibakiza kidogo tu kwisha. Video hiyo ilikwama, ikapotea, na diski ikachukua dakika ishirini kuamka. Hakurudia. Mchana ule hawakula. Mama Pacha alipita dirishani na sufuria yenye kifuniko, akaiweka kizingitini, akaondoka bila kumtazama mtu.

Saa tisa walikuwa wamevuka mia mbili. Waya alianza kuamini. Alipoamini, ulimi nao ukamrudia, na kila walipongoja alimtukana mtu: muuza vifaa, kiwanda, umeme, tajiri wa lifti aliyemweka kule wiki tatu. Dada alikuwa anaona midomo yake ikienda. Hakuuliza inasema nini.

Video ya mia mbili sabini na moja ikaokoka, bila kuihesabu ile iliyopotea. Iliyofuata ikaanza, ikafika nusu. Dada akainua mkono, Waya akasimamisha, wakangoja. Wakangoja zaidi. Mkono wa dada haukushuka. Baada ya muda mrefu aliutoa na mkono wa kulia pia, ule wa juu ya sanduku, akauangalia kiganja chake. Waya hakuhitaji kuambiwa, lakini alibonyeza vitufe vyote anavyovijua, akazima, akawasha, akachomoa, akachomeka. Skrini ikasema diski ya kwanza haipo. Na kwa kuwa ya kwanza haipo, na ya tatu haipo, basi hakuna kitu chochote.

Alama arobaini na moja za fundi viatu zimekwenda. Ukiacha zile zilizookoka, miaka sita ya dada imekwenda yote.

Waya akapiga teke kiti. Akaanza upya, sasa kwa sauti na kwa mikono yote miwili, mbele ya uso wa dada ili asikose hata neno. Kama mtu angemwambia. Mtu mmoja tu. Siku ya kwanza angepanda basi, angekuja, angebadilisha diski kabla ya ile nyingine kuugua, na leo wangekuwa wanakunywa chai. Neno moja tu, na hakuna aliyelitoa.

Dada alimwacha amalize. Kisha akatoa simu mfukoni mwa gauni, akatafuta kwa kidole gumba, akampa.

Ulikuwa ujumbe wake mwenyewe kwa Waya, wa siku ya pili baada ya Waya kuondoka. *Sanduku linagonga chini ya mkono wangu. Si kama zamani. Njoo uangalie, au niambie nifanye nini.*

Chini yake, jibu. *Ni feni hiyo, imejaa vumbi. Wewe utajuaje mambo ya mashine? Endelea na kazi yako.*

Na chini ya hilo, wiki moja baadaye, dada tena. *Linagonga zaidi. Nina wasiwasi na video za mzee.* Hapo hapakuwa na jibu.

Waya alilikumbuka lile jibu. Aliliandika akiwa ananing'inia kwenye mkanda wa usalama ghorofa ya sita, kidole kimoja, bila kufikiri, na alikuwa amelisahau kabla simu haijarudi mfukoni. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu wake alikuwa kiziwi, naye alikuwa na masikio mawili mazima, tena anajivunia kwamba lifti ikiumwa anaisikia kutoka barabarani.

Akainua mikono kusema samahani. Dada akafumba macho.

Si kwa kuchoka. Alikaa wima kabisa, uso umemwelekea, macho yamefumbwa, na hakuna neno duniani ambalo lingeweza kumfikia. Waya akaona maana ya kugeuziwa uso. Akabaki pale sakafuni na mikono hewani, mtu mzima, hajui aishushe au aiache. Aliiacha. Mabega yalianza kumuuma, akaiacha. Nje pacha wa jirani walikuwa wanagombania mpira, na yeye ndiye pekee aliyekuwa anasikia.

Dada alipofumbua macho hakumpa nafasi ya kusema lolote.

"Washa kamera," akasema.

Jumapili nzima alikaa kwenye kiti kile kile alichokuwa anakalia fundi viatu, daftari jeusi mapajani, akizitoa alama zilizopotea kutoka kwenye kumbukumbu yake. Waya alikuwa nyuma ya kamera, amefunga mdomo. Nyingine zilikuja mara moja. Nyingine alizitafuta, anafumba macho, anaupeleka mkono hapa na pale, anaufuta, anaanza tena, mpaka unajua mwenyewe unakotaka kwenda. Alikuwa na hasira bado. Ilionekana kwenye viwiko. Kufikia jioni alikuwa amerudisha thelathini na nane.

Tatu hazikuja. Ya kiatu kinachobana mguu mmoja. Ya mvua inayonyesha jua likiwaka. Ya mtoto wa jirani anayekula kwako kila siku. Maana zilikuwepo daftarini kwa mwandiko wake mzuri, na mikono haikuwepo popote. Alijaribu ile ya mvua mara nyingi sana, mpaka akalia, na alilia kwa hasira, akijipiga paja.

Jumatatu asubuhi, kabla watu wa shule hawajafika, alimwita Waya mezani. Akafungua daftari penye namba hizo tatu, akamwekea kalamu mbele. Kila namba ilikuwa na nafasi ya maelezo pembeni.

"Andika kwa nini hazipo. Wanafunzi watauliza."

Waya akaandika: *Diski iliharibika.*

Dada akasoma. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya maneno hayo, taratibu, kwa rula. Akairudisha kalamu mbele yake, akakunja mikono kifuani, akamtazama.

Getini gari lilipiga honi. Waya akalisikia, hakuinuka. Aliinama juu ya ile namba ya kwanza, akaandika kwa herufi kubwa ili mtoto yeyote aweze kusoma, kisha akaandika hivyo hivyo kwenye ya pili, na kwenye ya tatu.

*Niliambiwa. Sikuamini.*